Usiku wa Kibo Hupangwa Kabla ya Kupanda

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru wake, mwenge uliwashwa juu ya Kibo na Luteni Alexander Nyirenda, na kilele hicho cha meta 5,895 kikapewa jina la Uhuru. Tangu hapo kupanda Kilimanjaro hakukubaki kuwa jambo la wageni peke yao. Kila tarehe hiyo inapokaribia, vikundi vya Watanzania, wakiwemo wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi, wastaafu na waumini wa madhehebu mbalimbali, hufunga mizigo na kuelekea lango la mlima.

Desemba, hata hivyo, huangukia katika majira ya vuli. Mvua inayonyesha Moshi huwa theluji huko juu, na theluji hiyo haiyeyuki yote siku ileile. Husalia kwenye njia, hasa katika sehemu zenye kivuli na kando ya ukingo wa kreta. Mchana jua huilainisha, usiku huganda na kuwa barafu yenye utelezi. Hali kama hiyo huweza kumkuta mpandaji wa Juni pia, mara baada ya masika. Kwa hiyo anayepanga safari anapaswa kuuchukulia usiku wa kilele kuwa usiku wa baridi kali na njia ya utelezi, hata kama picha alizoonyeshwa ni za ardhi kavu na anga jeupe.

Jambo moja linastahili kutangulia mengine yote. Kiungo ambacho mpandaji hukitumia kuamua kama aendelee au arudi ni ubongo, na ubongo ndio unaoathirika mapema pale oksijeni inapopungua. Mtu aliye meta 5,500, mwenye baridi, njaa na usingizi, si mwamuzi mzuri wa hali yake mwenyewe. Maamuzi makubwa ya usiku ule yanapaswa kufanywa mapema, mahali penye hewa ya kutosha: katika chumba cha daktari, kwenye kikao cha kikundi na mbele ya mwongozaji kabla ya kupita langoni.

Mlima unavyobadilisha hewa

Husemwa mara nyingi kwamba juu mlimani oksijeni ni haba. Kauli hiyo inahitaji ufafanuzi. Sehemu ya oksijeni katika hewa ni ileile, takriban asilimia 21, iwe Dar es Salaam au kileleni. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi, na kila pumzi huingiza mapafuni oksijeni kidogo zaidi. Katika kituo cha Horombo, kilicho meta 3,720, mgandamizo ni takriban theluthi mbili ya ule wa pwani. Kileleni ni kama nusu tu.

Mwili hujitetea kwa kupumua haraka na kwa kina. Kupumua huko hutoa hewa ya kaboni dioksidi kwa wingi na kubadili uwiano wa asidi katika damu, na figo huhitaji siku kadhaa kuurekebisha. Chembe nyekundu za damu nazo huongezeka, lakini kwa wiki, si kwa siku. Hii ndiyo sababu nguvu za miguu na mazoezi ya mbio hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Kijana mwenye misuli imara huweza kuugua akiwa karibu na mzazi wake aliyepanda taratibu na kubaki mzima. Kuzaliwa miteremkoni mwa mlima nako si kinga, kwani vijiji vya Uchaggani viko chini sana ya mwinuko unaoleta ugonjwa huu.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kwa maumivu ya kichwa, yanayoambatana na kichefuchefu au kutapika, uchovu usio wa kawaida, au kizunguzungu. Ukipuuzwa, huweza kugeuka kuwa moja kati ya hali mbili zinazoua. Ya kwanza ni kuvimba kwa ubongo, ambako mgonjwa hupepesuka kama mlevi, huchanganyikiwa, kisha hupoteza fahamu. Ya pili ni maji kujaa mapafuni, ambako mgonjwa hukosa pumzi hata akiwa amepumzika, hukohoa, midomo yake hubadilika rangi, na baadaye huweza kutoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi.

Ratiba ndiyo dawa ya kwanza

Wataalamu wa tiba ya milimani hushauri kwamba, baada ya kuvuka meta 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya meta 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne pawe na siku ya kupumzika bila kuongeza mwinuko. Tukitazama njia ya Marangu kwa kipimo hicho, tatizo huonekana mara moja. Usiku wa kwanza hulalwa Mandara, meta 2,720. Wa pili Horombo, meta 3,720. Wa tatu Kibo, meta 4,720. Kila siku ni meta 1,000, kisha usiku wa manane mpandaji huamshwa kuelekea kileleni, meta 1,175 zaidi.

Ratiba ya siku tano ni ya gharama nafuu, na ndiyo humvutia mwenye mfuko mwepesi. Hata hivyo, siku ya sita inayotumiwa Horombo ni fedha iliyotumika vizuri kuliko yoyote nyingine katika safari. Siku hiyo wapandaji hutembea hadi kwenye miamba yenye mistari myeupe na myeusi inayofananishwa na pundamilia, takriban meta 4,000, kisha hurudi kulala palepale. Kupanda juu mchana na kulala chini usiku huupa mwili somo bila kuutesa. Njia nyingine zenye siku saba au nane hutoa nafasi zaidi.

Dawa ya asetazolamidi husaidia mwili kuzoea mwinuko kwa haraka zaidi. Kipimo cha kawaida cha kinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 kila baada ya saa 12, kuanzia siku moja kabla ya kuanza kupanda. Huongeza mkojo, huleta hisia ya kuchomwachomwa vidoleni, na huharibu ladha ya soda. Aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa za salfa asiitumie bila kumwona daktari. Dawa hii haifichi ugonjwa, lakini pia haigeuzi ratiba mbaya kuwa nzuri. Vidonge vya usingizi kama diazepamu, dawa za maumivu kama tramadoli, na pombe havifai usiku wa mlimani, kwa kuwa hupunguza kasi ya kupumua wakati ambapo mwili unaihitaji.

Nani amwone daktari kwanza

Mhudumu wa afya anayeombwa kumpima mpandaji asiishie kwenye kupima shinikizo la damu na kugonga mhuri. Kuna makundi yanayohitaji mazungumzo ya kina.

Mwenye ugonjwa wa selimundu hapaswi kupanda. Mwenye vinasaba vya kubeba selimundu, ambaye kwa kawaida huishi bila dalili yoyote, huweza kupata madhara ya bandama anapofika mwinuko mkubwa, na maumivu makali ubavuni kushoto huwa ndiyo dalili. Katika nchi yetu, ambako vinasaba hivyo si haba, wengi hawajui hali zao. Kipimo cha damu kabla ya safari ni busara, na maumivu hayo yakitokea njiani yasidhaniwe kuwa gesi ya tumbo.

Mwenye kisukari huweza kupanda iwapo sukari yake imedhibitiwa, ila insulini ikiganda huharibika na haifai tena hata ikiyeyuka. Ibebwe karibu na mwili, ndani ya nguo, wala isiachwe kwenye begi la mpagazi. Mashine za kupima sukari nazo huweza kutoa majibu yasiyo sahihi kwenye baridi. Zaidi ya hayo, kushuka kwa sukari huleta kuchanganyikiwa na kuyumba, dalili zilezile za ubongo kuvimba. Wenzake lazima wajue hali yake kabla ya kuondoka.

Mwenye shinikizo la juu la damu aendelee na dawa zake bila kukatiza. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, kwa kuwa hewa baridi na kavu huweza kuamsha shambulio. Anayetumia dawa za kila siku za kufubaza virusi, za kifafa au za moyo abebe dozi za siku kadhaa zaidi ya ratiba, akizigawa katika mizigo miwili. Mjamzito, mwenye upungufu mkubwa wa damu, na aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi karibuni, waahirishe. Watu wenye ualbino na wote wenye ngozi au macho dhaifu kwa mwanga wapate ushauri wa kinga ya jua, kwani mionzi huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila meta 1,000, na theluji mpya huweza kurudisha juu hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo.

Baridi, theluji na mavazi

Joto la hewa hushuka kwa takriban nyuzi 6 kwa kila meta 1,000. Mji wa Moshi uko karibu meta 5,000 chini ya kilele. Kwa hesabu hiyo, usiku wenye nyuzi 20 mjini huweza kuwa nyuzi 10 chini ya sifuri kileleni, kabla ya kuhesabu upepo.

Pamba ndiyo adui wa usiku huo. Suruali ya jinzi, fulana ya safari na kitenge hunywa jasho, hubaki mbichi, na hunyonya joto la mwili. Ngozini pavaliwe kitambaa chepesi kisichoshika maji. Juu yake sufu au koti zito la manyoya bandia. Juu kabisa koti lisilopitisha upepo wala maji. Nguo hizi hupatikana katika masoko ya mitumba ya Moshi na Arusha, au hukodishwa, kwa hiyo ukosefu wa fedha nyingi si sababu ya kupanda na nguo zisizofaa. Soksi kavu moja itengwe kwa ajili ya usiku wa kilele peke yake. Viatu visibane, kwa kuwa mguu uliobanwa haupati damu ya kutosha, na mguu usio na damu huganda.

Pakiwa na theluji njiani, taarifa bora zaidi ni ya mwongozaji aliyeshuka jana. Aulizwe theluji ina kina gani, imeganda au ni laini, na sehemu ipi ina utelezi. Majibu yake ndiyo huamua kama kikundi kibebe vifuniko vya kuzuia theluji kuingia viatuni na meno ya chuma ya kufunga chini ya soli. Fimbo mbili za kutembelea hufaa hali zote. Safari huanza usiku wa manane kwa sababu changarawe na theluji vikiwa vimeganda hushika mguu vizuri zaidi, na kwa sababu mteremko wa kurudi huhitaji mwanga wa mchana. Anayechelewa kufika juu hukosa faida zote mbili: hushuka theluji ikiwa imelainika, mawingu yakiwa yamepanda, na nguvu zikiwa zimekwisha.

Maji ya kunywa huganda kuanzia juu ya chupa. Chupa ikibebwa kichwa chini, barafu hujenga upande wa kitako na mdomo hubaki wazi. Betri za taa ya kichwani huisha haraka kwenye baridi, kwa hiyo za akiba zikae mfuko wa ndani. Tende, njugu, chokoleti na chai ya moto yenye sukari huliwa kidogo kidogo hata bila hamu, maana hamu ya kula hupotea huku mwili ukiwa na safari ya saa 12 au zaidi mbele yake. Jiko la aina yoyote lisiwashwe ndani ya hema lililofungwa ili kutafuta joto, kwa kuwa moshi wake usioonekana huua usingizini.

Anayetetemeka sana avikwe nguo kavu, akingwe na upepo, apewe kinywaji cha moto chenye sukari iwapo anameza vizuri, na ageuzwe kushuka. Anayeacha kutetemeka huku akizungumza ovyo, au akianza kuvua nguo akidai kuna joto, yuko hatarini zaidi kuliko yule anayetetemeka. Vidole vilivyokuwa vyeupe na kufa ganzi visisuguliwe, wala visipakwe theluji. Vipashwe kwa joto la kwapa, au kwa maji ya nyuzi 37 hadi 39, na hilo lifanyike pale tu ambapo havitaganda tena.

Miwani ya jua yenye kufunika pembeni ni ya lazima. Upofu wa theluji hauumi wakati unapotokea. Huja saa kadhaa baadaye, mpandaji akiwa amefika Horombo, kwa hisia ya mchanga machoni, machozi na kutoweza kutazama mwanga. Tiba yake ni giza, kitambaa cha maji baridi na dawa ya maumivu, na kwa kawaida hupona ndani ya siku moja hadi tatu. Matone ya ganzi ya macho asipewe mgonjwa ayatumie mwenyewe, kwani huchelewesha kupona.

Wapagazi nao wana mapafu

Mpango wa afya unaowahesabu wapandaji na kuwasahau wapagazi una tundu kubwa. Wapagazi, ambao mlimani hujiita wagumu, hulala mahali palepale na hupumua hewa ileile wakiwa na mzigo ambao kiwango chake ni kilo 20. Mpagazi anayeumwa kichwa huweza kunyamaza kwa hofu ya kupoteza ujira. Kikundi chenye utu huuliza, kabla ya kulipa, kama wapagazi wana makoti, viatu na mahali pa kulala pakavu, na hukubaliana kwamba anayeshushwa kwa ugonjwa atalipwa siku zake. Mhudumu wa afya anayekwenda na kikundi awapime jioni kama anavyowapima wateja.

Saa ya kurudi hutangulia saa ya kuondoka

Jioni Kibo, kabla ya watu kujilaza, kila mmoja aulizwe maswali yaleyale. Je, kichwa kinauma, na je, maumivu yamepungua baada ya parasetamoli na maji? Ametapika? Anaishiwa pumzi akiwa ameketi? Anakohoa? Kisha atembee hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Kipima oksijeni cha kidoleni husaidia, ila hakiwezi kuchukua nafasi ya maswali haya. Kidole cha baridi, rangi nzito ya kucha au piko huweza kukifanya kitoe namba ya uongo.

Kanuni ni chache, na zinafaa ziandikwe na kukubaliwa na wote wakiwa bado Moshi:

- Mwenye dalili za ugonjwa wa mwinuko hapandi zaidi mpaka dalili ziishe. Zikizidi, anashuka.
- Anayeyumba, anayechanganyikiwa, au anayekosa pumzi akiwa amepumzika anashuka mara moja, hata kama ni usiku, wala hasubiri mapambazuko.
- Mgonjwa hashuki peke yake. Waongozaji wawe wa kutosha ili mmoja akishuka na mgonjwa, wengine wasibaki bila kiongozi.
- Saa ya kugeuka hutajwa mapema, kwa mfano saa mbili asubuhi. Ikifika, kikundi hugeuka popote kilipo.
- Neno la mwongozaji mkuu ni la mwisho.

Kushuka ndiyo tiba. Meta 300 hadi 1,000 chini mara nyingi hubadili kila kitu. Oksijeni ya mtungi, deksamethasoni kwa ubongo uliovimba, na nifedipini kwa maji mapafuni, huwasaidia walio na ujuzi kununua muda, ila hazipaswi kuchelewesha machela.

Mhudumu wa afya atakumbuka pia kwamba mpandaji aliyetoka Pwani au Kanda ya Ziwa huweza kuwa na malaria. Homa si dalili ya kawaida ya ugonjwa wa mwinuko wa hatua za mwanzo, na kipimo cha haraka cha malaria hakina uzito begini. Hata hivyo, maumivu ya kichwa na kutapika katika mwinuko huo vichukuliwe kuwa ni vya mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, na mgonjwa aanze kushushwa huku kipimo kikifanyika. Baada ya safari, mgonjwa anayefika zahanati akiwa na kikohozi au kifua kubana aulizwe alikuwa wapi wiki ile.

Ugumu wa kanuni hizi hauko katika kuzielewa. Uko katika fedha na heshima. Kuna aliyeweka akiba miaka miwili, kuna aliyechangiwa na ofisi na kukabidhiwa bendera ya kupeperusha kileleni, kuna aliyeahidi picha kwa watoto wake. Kumwambia mtu kama huyo ageuke akiwa ameuona ukingo wa kreta ni jambo zito, na yeye mwenyewe, kwa hali ya ubongo wake saa hiyo, atabisha. Ndiyo maana wanaomtuma wamwambie kabla hajaondoka kwamba wanamtaka arudi, na kwamba bendera iliyopeperushwa Horombo ni bendera pia. Kinga ni bora kuliko tiba, na juu ya Kibo kinga ni maneno hayo, yakisemwa mapema na kusikika mbele ya kikundi kizima.